Tiramisu ya Kadenge

Kwa miaka ishirini na miwili Kadenge alipika vitamu katika hoteli moja ya ufuoni, na kila Krismasi alirudi nyumbani Ziwa la Ng'ombe na bakuli kubwa la tiramisu. Ni kitamu cha Waitaliano: biskuti zilizochovywa kwenye kahawa, juu yake malai yaliyopigwa pamoja na mayai, halafu kakao. Lakini ile ya sikukuu alikuwa ameigeuza. Alitumia biskuti za tangawizi na tui zito, akatia mdalasini na maganda ya chungwa. Kanisani waliingojea kuliko pilau.

Mwezi wa Machi kiharusi kilimpiga akiwa kazini. Mkono wa kulia ukafa, na maneno yakampotea yote isipokuwa "ndiyo" na "la". Wenzake wa hotelini walikuja kumtazama mara mbili, kisha kimya.

Desemba ilipofika, mkewe Kahaso akasema bakuli litakwenda kanisani kama kawaida. Hakuwa amewahi kutengeneza tiramisu. Mumewe hakupenda mtu aguse kazi yake. Jirani yao Sumeya alimletea birika la kahawa tungu, na akajitolea kumwekea bakuli kwenye friji lake.

Basi adhuhuri ya mkesha wa Krismasi Kahaso alimkalisha Kadenge mezani, akaanza. Biskuti ya kwanza ilimvunjikia ndani ya kahawa. Ya pili vilevile. Kadenge akapiga meza kwa mkono wa kushoto. Kahaso akadhani ni sukari, akaongeza kwenye tui. Mumewe akapiga tena, naye Kahaso akaongeza tena. Mate yalimtiririka Kadenge kidevuni, macho yamemtoka. Kahaso akaweka kijiko mezani.

"Baba Kanze," akasema, "mimi si mtu wako wa hotelini. Ni mkeo, na najaribu."

Kadenge akatulia. Halafu akanyoosha ule mkono wa kushoto, akachukua biskuti, akaigusisha tu kwenye kahawa na kuitoa papo hapo. Akaiweka bakulini, imekaa upande. Kahaso akaelewa. Wakazipanga hivyo, yeye tatu, mumewe moja, mpaka bakuli likajaa.

Sikukuu yenyewe watu walikula kwa adabu. Katekista Kioko alimwambia kwa upole kwamba sukari imezidi. Kahaso alijua. Alibakisha kidogo akampelekea Kadenge, aliyebaki nyumbani na binti yao Kanze.

Alimlisha kijiko kimoja, akangoja akunje uso. Hakukunja. Kadenge aliiviringisha tiramisu mdomoni polepole, kama anayetafuta kitu, kisha akainua vidole na kuvisugua, vile alivyokuwa akifanya zamani akionja uji wake: sukari haijafika.

Kahaso alimtazama mtu huyu ambaye kwa kuonja tu aliweza kukwambia mdalasini umekaa dukani muda gani. Ndipo akajua kwamba ulimi nao umekwenda, na mwenyewe hana habari.

"Nilipunguza sukari," akamwambia. "Nisamehe, Baba Kanze. Mwakani nitatia ya kutosha."

Kadenge akaridhika, akafungua mdomo apewe tena. Kanze alikuwa ameshaonja mabaki ya bakulini. Alimtazama mamake, akainuka akatoka kwenda uani.