Mkono wa Mwalimu Irabu

Mtaa mzima ulimwita Mwalimu Irabu. Kwa miaka ishirini na miwili watoto wa darasa la kwanza walijifunza kusoma kwa kumtazama mdomo. Aliupanua, "Aaa! Eee!" mpaka kimio kikaonekana.

Mara meno yakaanza kuingia weusi. Akasafishwa hospitalini, yakang'aa. Haikupita miezi mitatu, madoa yakarudi palepale karibu na ufizi. Akasafishwa tena, yakarudi tena. Akasugua kwa mkaa hadi akatoka damu. Wapi! Na watu nao hawana dogo. Mzazi mmoja akasema langoni, "Anatafuna tumbaku yule. Lisemwalo lipo." Mwalimu wa watu, hata moshi wa jirani unamkohoza! Aliumia, jamani. Akawa anafundisha kaziba mdomo kwa kiganja.

Mwalimu mkuu akamwita. "Watoto wako mwaka huu hawatamki. Jumatatu nakuja kuwasikiliza. Wakishindwa, darasa nampa mwingine."

Akakimbilia kwa daktari wa meno mara ya tatu. Safari hii daktari alikuwa binti ambaye yeye mwenyewe alimfundisha irabu.

"Shikamoo, Mwalimu. Hebu nieleze, ukiamka unafanya nini?"

"Marahaba, mwanangu. Napiga mswaki, nasukutua ile dawa niliyopewa nilipong'oa gego, nakunywa chai ya rangi."

"Dawa ile si ya wiki mbili tu?"

"Nikaona dawa nzuri haiachwi. Huu mwaka wa pili."

"Uwii, Mwalimu wangu! Ndiyo inayokutia madoa, na chai inayakoleza. Iache. Ukimaliza chai, sukutua maji. Mswaki mara mbili kwa siku, taratibu, na mkaa utupe, unakwangua meno. Halafu uje tukuangalie kila miezi sita."

Mwalimu akacheka, kisha akalia. Kumbe miaka miwili yote alikuwa akijipaka madoa mwenyewe!

Binti akamsafisha meno. Jumatatu akaingia darasani, meno meupe, mkono kautia mfukoni makusudi. Mwalimu mkuu alikuwa ameshakaa nyuma, daftari mapajani.

"Haya wanangu, kama nilivyowafundisha," akasema, akaupanua mdomo wote. "Aaa!"

Watoto arobaini wakainua viganja, wakaziba midomo vizuri, ndipo wakaanza kusoma.