Sigara Moja Moja

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya kupima presha, zahanati fulani ya Makole. Mbele yangu alikaa mzee wa Kizungu, mstaafu aliyehamia Dodoma.

“Shikamoo babu. Unavuta sigara?” nesi akamuuliza.

“Marahaba. Moja moja.”

“Na bia?”

“Hizo nazo moja moja.”

Nesi akatabasamu, akaitazama mashine, tabasamu likakauka. “Babu, moja moja kweli?”

Mzee akainua kidole kimoja kama anayekula kiapo. “Kweli kabisa! Siwashi mbili kwa pamoja. Nikimaliza hii ndiyo nawasha nyingine.”

Tukamcheka mzungu wa watu na Kiswahili chake. Kicheko kikakatika nesi aliponigeukia. “Haya, na wewe unakunywa?”

“Moja moja,” nikajibu. Na mimi Kiswahili nakijua.