Kava za Gari la Harusi

Shangazi yangu Biasha hushona kava za viti vya gari karibu na Kona ya Musa. Kuendesha hajui, lakini akikalia kiti tu hukwambia mwenye gari huegemea upande gani na hula njugu akiwa safarini. Nikitoka shule hupitia pale na maswali yangu, naye hunijibu pini zikiwa mdomoni.

Juzi Chande, dereva wa teksi ambaye gari lake hukodiwa na maharusi, alitaka kava nyeupe zenye darizi. Akaagiza mikanda ya usalama ya nyuma ifunikwe kabisa, maana hukunja nguo ya bibi harusi. Nikauliza, je, abiria akiihitaji? Shangazi akasema mwenye gari ndiye mwenye neno, akashona, vifungio vikazama chini ya kitambaa.

Siku ya kulichukua gari, Twaiba, binti yake Shangazi, alikuwa anakwenda kliniki Msambweni, mimba yake imeshakuwa kubwa. Chande akajitolea kumpeleka. Twaiba akaketi nyuma kwa madaha. Chande akamwita bibi harusi, naye akajibu kwamba huyu basi amechelewa kidogo.

Shangazi hakucheka. Alikitazama kile kiti cheupe, akamtazama mwanawe, akachukua mkasi.

"Mama Twaiba, si kazi ya mkono wako hiyo?" Chande alisema.

"Ndiyo yangu. Twaiba, sogea mwanangu."

Akakikata kitambaa, vifungio vikatokeza. Twaiba akalalamika kwamba mkanda utambana mtoto, na hata mimi niliamini hivyo. Shangazi akampigia simu mkunga wa kliniki, akaelekezwa: wa chini upite chini ya tumbo, juu ya nyonga, wa juu upite kati ya matiti, kando ya tumbo. Akamfunga Twaiba mwenyewe, taratibu.

Nilimwuliza Chande, anayepeleka wageni uwanja wa ndege wa Ukunda, kama ndegeni nako watu hufunga. Akasema ndege haiondoki mpaka wote wafunge, hata abiria awe tajiri vipi. Nikamwuliza mbona gari lake huondoka. Aliuvuta mkanda wake, akajifunga, wakaenda.

Jioni alirudi, Twaiba salama, akanung'unika kwamba sasa maharusi wake watakunjika nguo.

"Nguo hupigwa pasi," Shangazi alimwambia, akaingia kiti cha nyuma na sindano, akaanza kupinda kingo za zile tundu alizozikata, vifungio vikiwa nje.