Mstafeli wa Mama Joyeuse

Wananchi, simameni wima, vueni kofia! Leo historia ya Beni, mji wa mashariki ya Kongo, inamtambua mwanamke aliyeshinda majeshi matatu bila kufyatua risasi hata moja. Ni Kavira Maliro, yaani Mama Joyeuse, mkulima asiye na shamba.

Shamba lilikuwa Mangina, na mwaka 2000 njia ya Mangina ilikuwa mali ya wenye bunduki. Kilichobaki ni mstafeli mmoja nyuma ya nyumba. Matunda yake ndiyo yaliyoleta unga na chumvi. Mti ukianguka, Mama Joyeuse na binti yake wanalala njaa.

Miaka ile waasi wakigombana kidogo tu, chama kinagawanyika na kuongezewa herufi kwenye jina. Kila herufi mpya ilifika mtaani na askari wake, sufuria yake na shoka lake.

Askari wa kwanza aliukagua mti kwa macho ya mtu mwenye maharage mabichi.

"Mama, hii tunakata. Kuni."

"Kata, mutoto yangu. Lakini onja kwanza. Kwenu hii tunda banaita jina gani?"

Akaonja. Shoka likalala chini.

"Korosoli," akasema polepole. "Mama yangu alikuwa nayo pa mulango, kule Kisangani."

Akamaliza mawili, akaondoka na mbegu mfukoni. Kuni akatafute kwingine.

Wa pili alitoka ng'ambo ya mpaka. "Kitafeli!" alipiga kelele, kama aliyekutana na shemeji sokoni. Naye akaenda na mbegu.

Wa tatu, komanda mwenye miwani ya jua, aliapa kwamba jina lake ni moyo wa ng'ombe. Walinzi wake wakabisha, wakala, wakabisha tena. Alipoondoka alipigilia ubao shinani: MUTI YA KOMANDA. HAPANA KUKATA.

Komanda akahama na herufi zake. Ubao ukabaki, mti ukabaki.

Mwaka 2003, redio ilipotangaza kwamba vita imeisha, miche ya mti ule ilikuwa imeota kwenye nyua saba za majirani waliookota mbegu. Ramazani, dereva wa lori wa nyumba ya pili, akasimama uani kuhutubia:

"Mama Joyeuse, weye ni diplomate! Ulijua mutu hawezi kukata muti yenye mama yake alimufundisha jina!"

Mama Joyeuse alikuwa akikamua tunda ndani ya bakuli. Hakuinua kichwa.

"Balikuwa na njaa, Papa Ramazani. Leta kikombe."