Malizia!

Juzi niliingia katika jumba la zamani la sinema la mtaani kwetu, ambamo siku hizi wanalala watu waliokimbia vita Kibumba. Mikeka imetandikwa hadi chini ya ule ukuta mweupe tuliokuwa tukiutazama ujanani. Wageni wawili walikuwa wanamrekodi muzee mmoja akieleza walivyokimbia. Alipoanza kusimulia jinsi mke wake alivyoanguka njiani, mwenye kamera akatazama saa, akazima.

"Aksanti, papa. Inatosha."

Muzee akabaki na mkono hewani. Halafu akatia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi mrefu: "Malizia!"

Wageni wakashtuka. Mimi nikacheka, kisha nikaona haya. Ndivyo tulivyokuwa tukipiga kelele mle mle, umeme ukikatika katikati ya filme, mpaka jenereta iwashwe.

"Kumbe ulikuwaka unakuja hapa, muzee?"

"Kila siku ya Mungu, nikisha kuuzisha viazi. Ile wakati, tukipiga makelele, walikuwa wanamalizia."

Wageni walipoondoka, alinimalizia mimi habari ya mke wake, yote. Ningewaandikia, lakini nafasi yangu gazetini inaishia hapa.