Masizi ya Itara

Mtu wa Laare alikuja na gitaa la kuazima begani, akamwomba fundi wangu wa magitaa amtazame akicheza. Alicheza vizuri mpaka alipotafuta sauti za juu. Hapo mkono wa kushoto ulikwama, akaacha wimbo katikati.

"Nilianguka kutoka kwa miti ya miraa," alisema. "Kifundo cha mkono kikaunga vibaya. Hakikunjiki."

Aligeuza gitaa na kutuonyesha kisigino, pale nyuma ambapo shingo inaungana na mwili. Kwenye magitaa mengi ni gogo nene, na kiganja hugonga hapo kabla vidole havijafika vinapotaka. Alitaka gitaa la umeme la kwake, kisigino kikichongwa chembamba, mviringo, mkono upite kama hakuna kitu. Kiongozi wa bendi alikuwa amempa muda hadi harusi moja kubwa ya kwao Laare. Akishindwa tena, nafasi yake ya kupiga gitaa la kwanza ingepewa mtu mwingine.

"Na wewe ufanye nini?" fundi aliuliza.

"Nibebe spika."

Karakana ilikuwa chumba cha mabati nyuma ya soko la Gakoromone. Nilifika pale kutoka Embu bila mpango, nikabaki kwa sababu nilitaka kujua sauti inatoka wapi katika ubao usio na tundu. Fundi alinifundisha randa na patasi, na akanieleza kwamba mwili wa gitaa unaweza kusamehe mambo mengi, lakini shingo haisamehi. Nyuzi sita huivuta mchana kutwa. Ndiyo maana hakukausha mbao za shingo juani. Vipande vya mti wa muuru alivipeleka vikae miaka miwili juu ya itara, lile dari la fito lililo juu ya moto jikoni. Itara aliyoiamini ilikuwa ya mama mkwe wake, mama ambaye moto wake ulikuwa hauzimiki.

Lakini kwa Wameru mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe. Fundi aliziacha mbao uani na kuzipokea uani. Hakuwahi kuziona zikiwa pale juu hata siku moja.

Safari hii alinituma mimi nikalete kipande kilichotimiza miaka miwili. Mama alikuwa ameenda kuuza ndizi, na mlango wa jikoni ulikuwa umeegeshwa tu. Ndani moto ulifuka polepole chini ya majivu. Juu kulikuwa na vipande vitano. Ningeweza kumngoja anieleze kipi kiliwekwa lini. Sikungoja. Nilichukua kilichokuwa cheusi kuliko vyote, nikijiambia kwamba masizi ndiyo miaka.

Nilipokipiga randa, weusi uliisha kwa mpigo mmoja. Chini yake mbao ilikuwa nyeupe, na maranda yalitoka baridi, yakinata vidoleni. Kilikuwa kimekaa mbele kabisa, mahali pa vipya, kwenye moshi wenyewe, pengine tangu mvua iliyopita. Fundi alisikia randa ikisita akainua kichwa.

"Mwembu, hiyo ulitoa upande gani wa itara?"

"Nyuma kabisa," nilisema.

Akarudi kwenye kazi yake. Kama angeweza kuingia kule jikoni, asingeniuliza.

Gitaa lilikamilika, likapendeza. Wiki ya pili shingo ilianza kutembea. Asubuhi nyuzi zilikuwa zimeinuka juu ya vile vyuma vidogo vinavyokatiza shingo, kidogo tu, unene wa ukucha. Fundi alikaza chuma kinachopita ndani ya shingo, ikanyooka. Siku tatu baadaye ilikuwa imepinda tena. Alifumba jicho moja, akaitazama kwa urefu kama mtu anayelenga.

"Mbao ya miaka miwili haifanyi hivi," alisema. Hakunitazama.

Mtu wa Laare alikuja kulijaribu. Mkono wake ulifika karibu, haukufika kabisa.

"Toa kidogo tena, fundi. Unene wa kiberiti."

"Nikitoa hiyo, kinachobaki ni chembamba kama cha gitaa la kitoto."

"Si umesema mbao imekauka?"

Fundi akashika patasi. Nilimshikia gitaa. Mimi peke yangu mle ndani nilijua kinachokatwa, na nilihesabu mipigo moyoni. Kila kipande kilichoanguka kilianguka bila mlio, kama ngozi ya ndizi. Alipomaliza, mtu wa Laare alicheza mpaka juu kabisa, akacheka peke yake, akacheza tena.

Siku ya harusi mimi na fundi tulisimama kando ya hema, jua likiwa kali baada ya asubuhi ya umande. Wimbo wa kwanza ulipita. Katika wa pili nilisikia sauti zikishuka, zote pamoja, taratibu, na yeye akikaza mkono kuzirudisha. Alijua. Shingo ilikuwa inaondoka kwake naye anaivuta. Kisha kisigino kikavunjika kwa mlio mkavu na mfupi, uliopita kwenye spika zote. Watu wakadhani ni ngoma.

Kiongozi wa bendi alimwashiria mwingine apande jukwaani.

Jumatatu mtu wa Laare alileta vipande viwili vya gitaa vilivyofungwa kwa kanga, akaviweka mezani. Fundi aliugusa mpasuko kwa kidole gumba.

"Ni mimi," alisema. "Nilikata mno. Nimekata visigino miaka mingi, na sasa mkono wangu hauoni."

"Hapana, fundi. Ni huu mkono wangu. Niliibana shingo sana."

Walibishana hivyo kwa upole, kila mmoja akijitwika. Mpasuko ulikuwa unanitazama, mweupe ndani, bado una unyevu ukiangalia vizuri. Nilichukua ufagio nikafagia sakafu iliyokuwa safi. Kabla ya wiki kwisha fundi aliuza patasi zake nyembamba, akabaki na kazi ya vitanda, nami nilikuwa nimesharudi Embu.