Shingo ya Fimbo ya Netta Pitcairn

Mimi sichezi gofu, jambo ambalo hapa Craigmarnoch, mji wetu mdogo wa pwani, ni sawa na kutangaza kwamba hunywi chai. Kazi yangu ni kuandika kwa rangi: mabango ya maduka, milango ya magari ya mafundi, na kila mwisho wa Agosti, jina la bingwa wa wanawake kwenye ubao ulioko ukutani pale klabuni. Kwa hiyo watu wa gofu nawajua, ingawa nawaona wana wazimu kidogo. Nimeishi kati yao maisha yangu yote na sijapona kuwashangaa.

Netta Pitcairn alikuwa mpishi wa shule yetu ya msingi. Mtu yeyote wa mji huu ambaye hajafika miaka arobaini amekunywa supu yake ya shayiri, na mpaka leo hathubutu kubakiza kitu kwenye bakuli mbele yake. Hakuolewa. Alimtunza mama yake, Elspeth, mpaka alipomzika, na jina la Elspeth Pitcairn liko kwenye ubao ule mara tatu, limeandikwa na baba yangu. La Netta halimo. Alifika fainali mara nyingi, na kila mara alishikana mkono na mshindi, akaenda zake nyumbani kupika.

Mwaka ninaousimulia, daktari alikuwa amempangia upasuaji wa goti mwezi Oktoba. Alimwambia atatembea vizuri tu, lakini kule kujisokota mwili mzima ili kuupiga mpira mbali, asahau. Netta akaingia fainali tena mwezi wa Agosti, na mji mzima ukajua kwamba hii ndiyo ya mwisho. Aliutaka ubao ule. Hakuficha.

Shida yake ilikuwa moja na ya tangu ujana: akipiga kwa ile fimbo kubwa ya kuanzia, mpira unaondoka vizuri, halafu unapinda kulia unakwenda vichakani. Gregor Tulloch, kijana anayerekebisha fimbo pale klabuni, ndiye aliyempatia dawa majira ya kuchipua. Fimbo za siku hizi vichwa vyake havikugandishwa. Kuna skrubu shingoni, pale kichwa kinapoungana na mpini, na kuna kifunguo kidogo. Ukilegeza unaweza kukigeuza kichwa kidogo, ukakaza tena. Gregor aliuinua uso wa fimbo, ule upande unaougonga mpira, ili mpira upae zaidi, akakihamisha kile kipande cha chuma kizito kutoka ncha ya kichwa hadi upande wa kisigino, karibu na mpini.

“Sasa uso utawahi kujifunga, kugeukia kushoto, unapopiga,” alimwambia. “Mpira utaacha kukimbilia kulia, Bi Pitcairn.”

“Na upepo ukija? Mpira wa juu si utapeperushwa mpaka Denimaki?”

“Uache upeperushwe. Usije ukaushusha uso. Ukiushusha, mpira utakwenda chini, ndiyo, lakini uso nao unafunguka, unatazama kulia. Vitu viwili vinakwenda pamoja.”

“Nimekusikia, mwanangu.”

Alisikia nusu. Majira yote ya kiangazi mpira ulikwenda juu na mbele, akawashinda wanawake wenye nusu ya umri wake. Lakini usiku wa kuamkia fainali redio ilitangaza upepo mkali kutoka baharini, na watu wa pwani hii wamelelewa na imani moja: upepo ukija, piga chini. Mama yake alimfundisha hivyo kabla hajajua kusoma. Asubuhi Netta alikaa mezani na uji wake, akachukua kifunguo, akaushusha uso wa fimbo mpaka mwisho. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mpinzani wake alikuwa Una Drysdale wa posta, rafiki yake tangu darasa la kwanza na mtu mwenye mdomo. Wanashindana shimo kwa shimo: ukilimaliza kwa mapigo machache kuliko mwenzako, shimo ni lako. Kwenye shimo la kwanza mpira wa Netta ulikwenda chini ya upepo, vizuri kabisa, halafu ukageuka kulia ukaingia vichaka vya miiba.

“Umesahau kitu humo ndani?” Una akamuuliza.

“Nyamaza upige wako.”

Hapo Netta akaikumbuka nusu ya pili ya maneno ya Gregor. Lakini sheria yao haina huruma. Kabla hujaanza geuza fimbo utakavyo. Ukishapiga mpira wa kwanza, inabaki ilivyo mpaka shimo la mwisho. Ukiigeuza katikati kisha ukapiga nayo hata mara moja, umetoka mashindanoni. Na hakuna mwamuzi anayetembea na wachezaji. Kila mtu anajichunga mwenyewe, na wazimu wao wote naujua, ila hapo nawavulia kofia.

Basi akacheza alivyoweza. Alielekeza mpira kushoto kabisa, nje ufukweni, auache urudi wenyewe. Mara ulirudi, mara haukurudi. Alipopoteza kwa fimbo kubwa alifidia kwa zile fupi, maana karibu na shimo mikono yake ni ya mtu aliyemenya viazi vya shule nzima. Una alimwambia anacheza vibaya kwa namna ya kuudhi. Walipomaliza shimo la kumi na saba walikuwa sawa.

Shimo la mwisho lina ukuta wa mawe upande wa kulia, na nyuma ya ukuta ni barabara. Mpira ukivuka umepotea, unapiga mwingine na adhabu juu. Kushoto ni mashimo ya mchanga, na upepo ulikuwa unatoka huko huko kushoto. Kwa fimbo ile, vile ilivyokuwa, mpira ungeishia barabarani. Netta alilijua hilo. Manyunyu yakaanza, na Una akaingia kwenye kibanda kuvaa suruali ya mvua.

Kifunguo kilikuwa kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba wa fimbo. Netta alilegeza, akageuza, akakaza. Una akatoka akijifunga zipu. Netta akasimama, akapiga.

Mpira ulipaa juu, ukaelekea kushoto kidogo, upepo ukausukuma taratibu ukatua katikati ya nyasi, mbali kuliko alivyowahi kufika pale. Una akapiga wake, wa kawaida tu. Wakaanza kutembea.

“Ule ulikuwa mpira, shoga,” Una akasema. “Mama yako angeulilia.”

Netta alisimama pale pale. Baadaye aliniambia angeweza kuvumilia maneno mengine yote.

“Nimegeuza shingo ya fimbo.”

“Umegeuza lini?”

“Ulipoingia kibandani.”

“Mimi sikuona kitu.”

“Ndiyo maana nakuambia.”

“Basi na sikusikii. Upepo huu.”

“Una.”

“Nakusikia, mwanamke, nakusikia. Ungeniacha nishindwe kwa amani, ungepungukiwa nini?”

Sisi tuliokuwa tunangoja kule mwisho tuliwaona wanakuja bila kupiga, mmoja amebeba mpira wake mkononi. Tulidhani goti limemshinda. Netta akavua kofia, akampa Una mkono, akatuambia sote kwa sauti kilichotokea. Una alikuwa analia na kutukana hali ya hewa.

Sasa mimi nina tabia: huchora herufi kwa penseli mapema, ili nipate nafasi sawa. Siku moja kabla ya fainali nilikuwa nimepanda ngazi nikachora, nikiwa na uhakika, na nikitamani pia, sikatai. Jumatatu nilipokuja na rangi nikamkuta Netta amesimama chini ya ubao na koti lake, anatazama juu. Chini ya jina la mwaka uliopita palisomeka kwa penseli, wazi kabisa: N. Pitcairn.

Nilitamani ardhi inimeze.

“Kumbe uliliandika,” akasema.

“Nitafuta sasa hivi, Bi Pitcairn. Nisamehe.”

“Ngoja kwanza.”

Alilitazama muda mrefu. Kisha akaninyang’anya kifutio, akapanda ngazi kwa goti lile bovu huku nimeshikilia miguu ya ngazi na roho mkononi, akafuta herufi moja moja, akapuliza vumbi.

“Haya, muandike Una,” akasema akishuka. “Na nafasi iwe sawa, maana huyo atakuja na miwani.”

Kwenye kaunta alikiacha kile kifunguo, nimpe Una akitunze. Una amekifunga pamoja na funguo za nyumba yake, na hakitoi hata akiombwa.